Wageni wa Mama Lin

Juzi, nyumbani kwetu Muleba, nilimimina chai vikombe viwili kwa mazoea, ilhali mama tumeshamzika kibanjani, kwenye migomba yetu. Tangu msiba nachungulia barabarani kana kwamba amekwenda sokoni tu, na kuchungulia kumenichosha. Kitenge changu bado kilinukia ubani wa misa ya maziko. Harufu ile ikanirudisha Nshambya tulikopanga zamani, kwa jirani yetu Mama Lin.

Yeye na mumewe, fundi wa minara ya simu, walikuwa Wachina waliozaliwa Saigoni, Vietnam.

“Kule naitwa Mchina,” alimwambia mama, “na China kwenyewe sijafika.”

Mchana mmoja Mama Lin aliandaa wali, kuku mzima na vikombe vya chai chini ya picha ya marehemu wazazi wake, akawasha vijiti vya ubani. Mama alipoona maandalizi yale alinipa kahawa za kutafuna nipeleke, maana kwetu mgeni hupokewa kwa kahawa. Nikazifikisha, kisha nikasimama barabarani kuwangoja wageni mpaka chakula kikapoa.

“Mama Lin, hawajafika.”

“Wamefika, mwanangu. Wanakula.”

Viti vilikuwa vitupu. Nilidhani wamemsusa na anaona aibu kusema. Aliziweka kahawa zetu mbele ya picha, na ubani ulipoisha akanipakulia paja la kuku.

Yeye na mumewe walishahama siku nyingi.

Juzi, kikombe cha pili sikukimwaga. Nilikiwekea kahawa mbili pembeni, nikakaa. Barabarani sikuchungulia tena.