Harusi za Watu Kwenye Diski ya Mke Wangu

Mke wangu ni mtu wa Ujiji. Ukimpa kitu akutunzie, atakitunza mpaka wewe mwenyewe usahau kwamba ulikuwa nacho. Mimi nililetwa Kigoma na uhamisho wa serikali kutoka Dodoma, na nimekulia nyumba ambayo kisichotumika hutupwa kabla jua halijazama.

Ana chumba cha kazi Rusimbi. Humo anatengeneza video za harusi na kuchora majengo kwa kompyuta, yale unayoyaona yamesimama na kupakwa rangi wakati kiwanjani bado kuna mihogo. Wateja wa harusi wana tabia yao. Wanachukua nakala kwenye simu, kisha wanamwambia, "Dada, yenyewe ikae hapo hapo kwako." Basi diski zake zimejaa maharusi. Wengine wameshaachana na kuoa upya, na harusi ya pili nayo imo.

Msimu mmoja walimjia akina mama wa Kagunga wanaoanika dagaa. Ziwa lilipanda likameza uwanja wao wa vichanja. Wazee wa kijiji walisita kuwapa kiwanja cha juu, wakisema maji yatarudi tu. Akina mama wakataka picha inayotembea, ionyeshe banda lao huko juu na maji yakipanda huko chini, wazee wajionee. Wasipopewa, wangeendelea kuanika dagaa mchangani na kuambulia mchanga.

Kompyuta ikaanza kupiga hesabu ya mawimbi. Kila wimbi inalomaliza hulihifadhi pembeni kwenye mafaili ya muda, wenyewe wanayaita kache, ili isirudie kazi. Mimi nilidhani maji ni kitu chepesi. Ziwa likajaza diski nzima kabla picha hazijaanza kutoka, kompyuta ikagoma: nafasi imekwisha. Na akina mama walikuwa wanakuja na boti kesho yake.

"Futa hiyo kache," nikasema, mimi bingwa wa kufuta.

"Nikiifuta inaanza upya. Kwa umeme huu wa kwetu?"

"Basi futa harusi. Hii hapa, bwana harusi keshahamia Burundi na mke mwingine."

Akanitazama kama niliyeshauri tuuze msikiti. "Hiyo ni amana ya watu, Mgogo wangu. Nyie kwenu hodari wa kufuta, hata mvua mliifuta."

Nikacheka, japo ilinichoma kidogo. Tukafuta michoro yake ya majaribio, ile aliyoipa majina ya "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho wa kweli". Ilikuwa kazi ya kuchota ziwa kwa kijiko. Nikamwacha nikaenda ofisini. Niliporudi jioni mashine ilikuwa inanguruma na picha zinatoka moja baada ya nyingine. Sikuuliza nafasi imetoka wapi. Nilifurahi tu kwamba sitaambiwa tena habari za mvua.

Akina mama wakaichukua video yao. Siku chache baadaye mwenyekiti wao akapiga simu. Mzee mmoja aliyekuwa mbishi kuliko wote aliomba irudishwe pale maji yanapofika kwenye vichanja vya zamani. Akaitazama tena, akasema, "Wapeni." Nyuma ya sauti ya mwenyekiti vilisikika vigelegele, simu ikawa haishikiki sikioni.

Vigelegele vile vikanitia hamu ya kuangalia harusi yetu. Nikaitafuta kwenye diski ya kwanza, nikaitafuta kwenye ya pili. Haikuwepo.

"Umefuta harusi yetu?"

"Ya watu sikuweza," akasema. "Hiyo ilikuwa yetu. Kwani wewe hukuwepo?"

Utani wote ulinitoka. Nilikasirika, nilikasirika kweli. Katika harusi ile mama yangu alicheza, na mama hayupo tena. Sikuwa na picha yake nyingine inayotembea. Nikamwambia hivyo, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia ndani ya chumba kile.

Alivuta kiti, akafungua faili dogo, na mama akatokea, kitenge kimemlegea, akicheza huku anamcheka mpiga ngoma.

"Huyu nilimtoa kwanza kabla sijafuta," akasema. "Kufuta harusi nilikuwa na ruhusa, ni yangu pia. Huyu ni wako."