Kadi ya Mama Niliyoiuza kwa Chipsi Mayai

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipokuwa bado kijana, yaani mwaka juzi. Usicheke. Wewe umeingia kidato cha kwanza juzi tu na sketi bado inakuburuza chini. Mimi niko kidato cha nne, nimekutangulia kula maharage ya shule kwa miaka mitatu, kwa hiyo nina haki zote za uzee. Kaa vizuri nikueleze nilivyomuuza mama yangu mzazi kwa sahani ya chipsi mayai.

Jumamosi hiyo Mama alikuwa Idete, kwenye mavuno ya mpunga. Mimi nilibaki nyumbani, Viwanja Sitini pale Ifakara, na wadogo zangu watatu. Nilikuwa kaimu mama, cheo nilichokitumia zaidi kuwatuma dukani. Mara Baba akapiga hodi. Ndiyo, alipiga hodi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe, maana alishahama miezi kadhaa nyuma. Alikuwa anaishi upande wa pili wa mji na mwanamke mmoja ambaye sisi tuliagizwa tumwite "anti". Wakubwa hawakosi jina la kitu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Editha, hebu kanitolee kadi ya bima ya mama yako. Kuna uhakiki."

Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na mtumishi wa umma haishi kuhakikiwa. Leo vyeti, kesho majina, keshokutwa aende akaonekane kwamba yupo hai. Kwa hiyo neno hilo halikunishtua. Kadi zetu zilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, pamoja na vyeti vya ubatizo: ya Mama na zetu watoto wanne. Ya kwake Baba alitembea nayo.

"Ya Mama tu? Sisi hatuhakikiwi?"

"Ninyi mnajulikana."

"Basi mimi nihakiki tumbo, Mzee. Halijaona kitu tangu asubuhi."

Akacheka. Nilikuwa na kipaji hicho, cha kumchekesha Baba hata siku ambazo hakustahili kuchekeshwa. Akaninunulia chipsi mayai pale kona, nikampa kadi, nikala zote, nikalamba na sahani. Wadogo zangu nikawaambia zilikuwa na pilipili, hazifai kwa watoto.

Sasa nikwambie nilichokuwa nakijua na nisichokuwa nakijua. Nilijua Mama ameshapeleka shauri la talaka mahakama ya mwanzo, baada ya baraza la kata kuwakalisha na kushindwa kuwapatanisha. Nilijua Mama ana uvimbe kwenye kizazi, anatoka damu mpaka anashika ukuta akiinuka, na hospitali imempangia upasuaji Jumatano inayofuata. Nisichokuwa nakijua ni kwamba kadi ya mtegemezi ikirudishwa ofisini, inafungwa. Hakuna aliyeniambia. Kila nilipouliza chochote kuhusu talaka nilijibiwa ni mambo ya wakubwa. Mambo ya wakubwa! Kopo lilipo nilijua mimi, aliyetumwa kulifungua ni mimi, ila maelezo ndiyo yakawa ya wakubwa. Mpaka leo nikisikia mtu mzima anasema hivyo, masikio yanapata moto.

Mama alirudi Jumanne jioni, amechoka, akafunga vitu vyake kwenye beseni: khanga mbili, kikombe, sabuni, chupa ya chai. Alipofungua kopo akakuta kadi nne.

"Ya kwangu iko wapi?"

"Baba alikuja kuichukua. Uhakiki."

Akafunika kopo, akasema labda kweli. Ndivyo alivyo Mama. Alishaachwa na mtu huyo kwa kila namna, na bado alikuwa tayari kuamini uhakiki wake.

Asubuhi tulikwenda, mimi na beseni kichwani, yeye hajaweka kitu tumboni tangu jana kwa maagizo ya daktari. Dirishani dada mmoja akaingiza jina la Mama kwenye kompyuta.

"Mama, kadi yako inasoma imerudishwa."

"Imerudishwa na nani? Mimi nipo hapa."

"Mchangiaji, yaani mumeo, ameirudisha. Kamwone mwajiri wake, akupe barua."

"Naingia upasuaji leo, mwanangu."

"Naona, mama. Ila mfumo ndio umefunga."

Tukarudi nyumbani na beseni. Umewahi kumwona mtu anarudi na beseni la wodi ambalo halijafunguliwa? Watu njiani walikuwa wanamwambia Mama pole, hongera kwa kupona. Wengine ni walewale waliokuwa wanamwambia avumilie kwenye ndoa, kwamba wanaume ndivyo walivyo. Yeye aliwaitikia wote. Tulipofika karibu na nyumbani ndipo akaniuliza.

"Alikupa nini?"

"Chipsi mayai."

"Ukala zote?"

"Zote, Mama."

"Haya."

Afadhali angenichapa, mwanangu. Ile "haya" bado ninayo.

Kesho yake, Alhamisi, akatokea Bibi, mama yake Baba. Bibi anaishi Masagati, huko mbele ya Mlimba, ambako simu inashika ukisimama juu ya kichuguu. Alipanda bodaboda mpaka Mlimba, akasubiri treni, akashuka Ifakara na kapu lake bila kumwambia mtu. Mimi na yeye tuna utani wetu. Tangu nizaliwe ananiita mke mwenzangu, na mimi huwa namwambia mume nimemchukua, yeye abaki na kazi ya kufua.

Nikamkimbilia mlangoni. "Shikamoo, mke mwenzangu! Umekuja kunipokonya mume?"

"Marahaba, Editha," akasema.

Editha. Hakuwahi kuniita hivyo. Nikajua mambo yameharibika.

Alikaa kwenye kigoda, akamtazama Mama alivyokauka midomo, kisha akatueleza. Baba alikuwa amempigia simu ampe habari njema: nenda Mlimba ukapigwe picha ya pasipoti, nakuingiza kwenye bima yangu. Bibi akafurahi. Halafu akiwa kitandani akaanza kutuhesabu. Mtumishi, mke, watoto wanne: sita, na nafasi ni sita. Akampigia Baba tena kutoka kichuguuni.

"Nikamuuliza, nani amekufa huko kwako? Akasema hakuna. Nikamuuliza, sasa mimi naingia mahali pa nani? Akaanza kukohoa." Bibi akanigeukia. "Na kadi aliipata wapi, wakati mama yako alikuwa shamba?"

"Mimi ndiye niliyempa, Bibi. Sikujua."

"Hukujua, au hukuuliza?"

"Aliniambia..."

"Nimekuuliza wewe. Mtu anakuja kuomba kitu cha mwenzake ambaye hayupo. Wewe ni mwepesi wa mdomo kuliko redio, maswali ya kuchekesha ulikuwa nayo. La kumngojea mama yako arudi ndilo lililokushinda?"

Nikachukua kapu lake, nikaliingiza ndani.

Kesho yake tulikwenda ofisini kwa afisa utumishi: Bibi mbele, Mama katikati, mimi nyuma na kapu. Baba akaitwa kutoka shuleni, akaja na chaki kwenye vidole. Fomu ya kubadilisha wategemezi ilikuwa pale mezani, inasubiri picha ya Bibi. Kadi ya Mama ilikuwa imebanwa juu yake kwa pini.

Afisa akamtazama Mama, akatazama fomu. "Mwalimu, hapa umeandika mwenzi wako amepata bima yake mwenyewe."

"Bado hajapata," Mama akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilisikika.

"Na talaka imetoka?"

"Shauri linaendelea," Baba akajibu.

"Kumbe bado ni mkeo."

Mwanangu, hapo nilitaka kuruka juu ya meza. Hilo swali alishindwaje kuuliza siku anaipokea fomu? Mwanamke ameshapelekwa hospitali na kurudishwa ndipo ofisi inakumbuka kuuliza! Mtu akitaka kuingizwa kwenye bima anaombwa cheti cha ndoa, picha, nakala na nakala ya nakala. Mtu akitolewa, inatosha mume kusema tu. Nani alipanga hivyo? Ningependa kumwona.

Bibi akaweka mkono kwenye fomu. "Deo, ulitaka kunitunza?"

"Ndiyo, Mama. Wewe ni mzee, unaumwa magoti."

"Naumwa magoti. Mwenzangu anatoka damu. Unitunze kwa kumtoa roho huyu, halafu mimi nikatibiwe magoti nitembee kwenda kwenye mazishi yake?"

Baba akasema hakujua kuhusu tarehe ya upasuaji. Huenda ni kweli, walikuwa hawaongei. Lakini damu aliijua, ilianza angali analala nyumbani. Nilimtazama mtu niliyekuwa namchekesha, na nikaona aibu kwa vicheko vyote nilivyompa.

Picha ya Bibi haikutolewa kapuni. Fomu ikafutwa, barua ikaandikwa, kadi ya Mama ikafunguliwa. Hospitali ikampa tarehe nyingine, wiki tatu mbele. Wiki tatu za damu, mwanangu, kwa uongo wa mstari mmoja. Siku ya upasuaji, kabla ya kusukumwa ndani, Mama akanyoosha mkono akanipa kadi yake.

"Shika."

"Mama, mimi?"

"Kwani hapa kuna Editha mwingine? Shika. Na usile chochote mpaka nitoke."

Nilikaa kwenye benchi saa zote hizo, kadi nimeibana kwa mikono miwili, na chochote sikula. Akatoka mzima.

Talaka ilikuja miezi iliyofuata. Safari hii Mama hakungoja imkute mikono mitupu. Alishajiandikisha bima yake mwenyewe, yeye ndiye mchangiaji, mapema kabla ya hukumu, kwa sababu kadi mpya haianzi kufanya kazi siku ileile unayojaza fomu. Na mahakamani aliomba iandikwe kwamba sisi watoto tunabaki kwenye bima ya Baba na kadi zetu zinakaa tunakolala sisi. Hakimu akaandika. Bibi alirudi Masagati na magoti yake, na mpaka leo Baba hajapata wa kumwingiza kwenye nafasi iliyobaki wazi. Bibi amesema atafikiria. Anamfikirisha makusudi.

Kwa hiyo sikiliza neno la mzee wako. Wazazi wako wakianza kutengana, usikubali kuambiwa hayakuhusu: kadi ni yako, mwili ni wako, uliza imeandikwa kwa jina la nani na itakufa lini. Kitu cha mzazi mmoja usimpe mwingine akiwa hayupo, hata ukiambiwa ni uhakiki, hata ukiletewa kuku mzima. Ukiwa mkubwa ukaolewa, jua namba ya kadi yako kama unavyojua siku yako ya kuzaliwa, na ndoa ikiyumba nenda ofisini wewe mwenyewe, usingoje kuambiwa dirishani ukiwa na njaa na beseni. Mpaka talaka itoke, wewe bado ni wa kwenye orodha, wasikutoe kwa mdomo. Na ikitoka, ikukute umeshasimama kwenye orodha yako mwenyewe.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe afya uisahau kadi yako koponi mpaka ifubae. Na ukiumwa, ifunguke kila dirisha utakalofika. Akupe na bibi kama wangu, wa kukuita kwa jina lako kamili siku unayostahili.

Na chipsi mayai ule. Za kwako, ulizonunua mwenyewe.