Kabati Lililohamia Ukutani

"Shemeji, kabati hili limehamia hapa lini?"

Niliendelea kukata kitambaa. Lakini Bwana Futi, mdogo wa mume wangu, ukimnyamazia ndiyo umemkaribisha. Akapiga magoti, jicho kwenye upenyo wa nyuma ya kabati.

"Ufa ule pale! Na yule binti aliyepima nyumba hakuuona!"

"Kama hakuuona, macho si yangu."

Kazi ya huyu shemeji ni kuthamini nyumba. Anapima, anakagua, anaandika thamani yake ili benki ijue ikopeshe kiasi gani. Futi yake ya chuma haitoki mkandani. Msibani anagonga kuta za watu kwa kidole. Alipokwenda kumposea mwanawe, wenzake walizungumza mahari, yeye anahesabu mabati ya wakwe. Na nyumba anayoipima, hata maji hanywi.

Faili langu la mkopo wa cherehani lilipofika mezani kwake, badala ya kunibeba, aliandika kwamba mwenye nyumba ni ndugu yake, akalirudisha benki. Nilimnunia wiki mbili. Akaletwa binti wa ofisi nyingine, mpole, nami nikamwambia kabati halisogezwi, miguu imeoza. Ripoti ikatoka nono, ya mkopo wa kutosha cherehani tatu.

"Kwa hiyo unataka nikose cherehani?"

"Nataka uzipate. Ila sahihi iliyo kwenye ripoti ni ya yule binti. Ufa ukijulikana, atanyang'anywa leseni, na ana mwaka mmoja tu kazini."

"Kaseme basi, mdomo si unao?"

"Uongo ni wako, shemeji. Nakuachia mpaka kesho jioni. Usiposema, nasema mimi."

Nikampigia binti simu huku nimefura, nikamwambia aje aangalie nyuma ya kabati. Asubuhi akarudi. Bwana Futi naye akaja, akagoma kuingia, eti ataonekana anamwelekeza mwenzake. Akasimama uani juani, kiganja kichwani.

"Utaungua wewe!"

"Acha niungue kwa utaratibu!"

Tulisukuma kabati, mimi na binti. Miguu mizima kabisa. Akaitazama, akanitazama mimi. Akapitisha kidole kwenye ufa kutoka dirishani hadi sakafuni, akapiga picha, akaandika. Nikajua cherehani ya tatu imekwenda na maji.

"Mwanangu," nikamwambia, "nilikudanganya. Safari ya leo umeifanya kwa ajili ya uongo wangu. Nauli yako ni deni langu."

Nikafungua pochi. Akarudisha mkono nyuma kama nimemshikisha kaa la moto.

"Mama, nikiipokea hiyo, yote niliyoandika hapa hayana maana. Nauli nimekusamehe."

"Na ule uongo?"

Akacheka kidogo, akakung'uta vumbi kwenye sketi. "Na wenyewe pia."

"Hapo sawa!" sauti ikatoka uani.

"Wewe huko nje," nikamfokea, nikifunga pochi, "nani kakuuliza?"