Nafasi Juu ya Maji

Ukitaka kujua kama kambale aliye katika beseni bado yu hai, usimtazame, msikilize. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo hadi wiki iliyopita, nilipopita katika soko la Kasuku baada ya vipindi vyangu vya asubuhi, nikasikia karibu na miguu yangu sauti ndogo iliyonisimamisha. Ilikuwa kama sauti ya mtoto anayemeza uji kwa pupa. Niliinama. Ndani ya beseni la plastiki, chini ya majani ya mgomba yaliyolowa, kambale weusi walikuwa wamelaliana katika maji yasiyofunika hata migongo yao. Mara huyu, mara yule, aliinua pua, akabugia hewa, akashuka tena.

"Dada, usiogope, iko nzima kabisa," alisema muuzaji, mwanamke wa makamo mwenye kitambaa cha njano kichwani. "Imetoka Tunda na pikipiki, na bado inaniringia."

Kama asingekitaja kijiji cha Tunda, ningenunua samaki wangu nikaenda zangu. Badala yake nilichuchumaa pale pale, na moyo wangu ukavuka mto Lualaba hadi Alunguli, mtaa wetu wa ng'ambo, katika miaka ya vita, kwenye pipa lililosimama nyuma ya nyumba ya bibi yangu, na kwa mwanamke mmoja ambaye kwa muda mrefu nimekuwa na neno la kumwambia.

Kama nawe ulikulia Kindu nyakati zile, utakumbuka jinsi reli ilivyonyamaza, nyasi zikaota kati ya vyuma vyake. Utakumbuka chumvi ilivyogawanywa kwa ncha za vidole, na sombe, yale majani ya muhogo, iliyopikwa kwa mawese matupu, ambayo tulijifunza kuimeza haraka ili ulimi usipate muda wa kulalamika. Wenye bunduki walipoamua, mto ulifungwa, na hakuna mtumbwi uliovuka. Sisi wa Alunguli tuliyaona mabati ya Kasuku yakimeta upande wa pili, karibu kabisa, na hatukuweza kuyafikia.

Shule haikufungwa. Mwalimu wetu alifundisha katika darasa ambalo mabati yake yalikuwa yameng'olewa, na kwa kuwa chaki zilikwisha, aliandika ubaoni kwa vipande vya muhogo mkavu. Nakumbuka somo lake la upumuaji kuliko masomo yote. "Mto wameufunga," alisema huku akivuta hewa kwa kishindo hadi tukacheka, "barabara wameiwekea barieri. Hewa, bado hawajajua wataifungia wapi." Kisha akatuandikia: chura hupumua kwa mapafu na kwa ngozi yake yenye unyevu, panzi hupumua kwa vitundu vilivyo ubavuni mwake, samaki hupumua kwa matamvua. Tuliimba sentensi hizo kwa sauti moja, na jioni nilimwimbia bibi.

"Samaki anapumua mu maji," alikubali bibi. "Hiyo hata miye nilizaliwa nikijua."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Bibi yangu, aliyenilea mimi na mdogo wangu wa kike, alikuwa mtoto wa wavuvi wa Lualaba. Aliwajua samaki wa maji yaendayo: wanaong'aa kama bati jipya, ambao ukiwatoa mtoni hufa kabla hujamaliza kuwasifu. Kwake, maji ndiyo uhai wa samaki. Kadiri yalivyozidi kuwa mengi na safi ndivyo uhai ulivyozidi. Sijawahi kumwona mtu aliyekuwa na uhakika wa jambo kama alivyokuwa bibi kuhusu jambo hilo.

Ndipo akaja jirani. Alikuja kabla mto haujafungwa, akiwa na watoto wake wawili, chungu kimoja na tenga la kuvulia, akikimbia mapigano ya upande wa Tunda. Bibi alimpa kile kijumba cha nyuma kilichokuwa jiko letu, nasi tukahamishia mafiga barazani. Tulimwita Mama wa Tunda, kama alivyoitwa na mtaa mzima. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na mikono isiyotulia. Kabla ya mwezi kwisha, yeye na bibi walikuwa wakitwanga katika kinu kimoja kwa zamu ya michi miwili, wakigombana tangu pigo la kwanza hadi la mwisho. Sauti ya kinu kile ndiyo iliyokuwa saa yetu. Tukiisikia, tulijua kwamba siku hiyo tutakula.

Kiangazi kilipopunguza maji, Mama wa Tunda alituongoza kwenye kijito cha msituni na kutuonyesha uvuvi wa kwao. Wanawake walikiziba kijito kwa miti na matope, juu na chini, kisha wakainama mstari mmoja na kukumba maji kwa mabeseni hadi likabaki dimbwi zito la tope. Humo tuliingia kwa miguu mitupu, tukipapasa. Kambale alijitambulisha kwa kukuchoma na mwiba wake. Bibi alisimama ukingoni, kanga yake ikiwa kavu, akitikisa kichwa.

"Hii si kuvua," alisema. "Hii ni kulima!"

"Basi shuka uvune, Mama," alijibu Mama wa Tunda, tope likimfika kwenye paja, na wanawake wote wakaangua kicheko. Mwishowe bibi alishuka.

Hatukuweza kuwakausha samaki wale, kwa maana moshi wa samaki hutembea mbali, na wenye bunduki walikuwa na pua. Kwa hiyo Mama wa Tunda aliwaweka hai katika lile pipa, ili tuwe tukitoa mmoja mmoja jioni. Mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza anainuka kutoka katika surua, na mchuzi wa kambale ulikuwa kitu pekee ambacho hakukitapika. Kazi yetu watoto ilikuwa kubadili maji kila asubuhi. Mama wa Tunda alituamuru tusivuke nusu ya pipa. Jambo hilo lilimchekesha bibi kila siku.

"Ninyi watu wa tope ni wachoyo," alimwambia. "Muko na mto muzima hapa, lakini samaki munamupimia maji kama dawa."

"Wanapenda vile, Mama."

"Wamekuambia?"

"Wananiambia kila siku. Sikiliza." Na kutoka ndani ya pipa ilisikika: gwap, gwap.

Bibi alidhani wale samaki walikuwa wakiomba maji zaidi. Mama wa Tunda alicheka, akarudi kwenye kinu chake. Hakueleza zaidi, wala sisi hatukuuliza. Nimewaza mara nyingi juu ya kicheko kile. Tuliishi kwa mzaha, maana mzaha ulikuwa ndio utajiri uliotubakia, na jambo lililohitaji kuelezwa likapita katikati ya mzaha.

Asubuhi moja habari zilikuja kwamba wapiganaji walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuchukua chakula. Mama wa Tunda alikuwa tayari ameingia msituni kutafuta majani ya muhogo, pamoja na watoto wake na mdogo wangu. Nyumbani tulibaki mimi na bibi, na kule nyuma, gwap, gwap. Sauti ilifika hadi barazani. Bibi alinyanyuka. Alichota maji mtungi baada ya mtungi, akamimina, hadi maji yakafika ukingoni na kuanza kumwagika. "Sasa watashiba maji, watanyamaza," alisema, kwa upole, kama anayemlaza mtoto. Akafunika pipa kwa kipande cha bati, akalikandamiza kwa mawe, na juu yake akatandaza gunia lenye muhogo uliolowekwa siku nyingi, ambao harufu yake unaijua.

Walikuja. Walichukua kuku na mkeka mzuri. Mmoja aligonga pipa kwa kiatu.

"Umu iko nini, koko?" aliuliza, akimwita kama bibi yake.

"Muhogo, baba. Bado kidogo tu ioze vizuri."

Alifunua pembe ya gunia, akaziba pua, akaenda zake. Bibi alicheka hadi machozi yakamtoka. Lakini walipiga kambi karibu na shule, na kwa sababu hiyo pipa halikufunguliwa siku hiyo, wala Mama wa Tunda hakuthubutu kutoka msituni.

Alirudi kesho yake, wapiganaji walipoondoka. Bibi alimngojea kwa fahari, ili amwonyeshe alivyookoa chakula cha wote. Waliondoa mawe pamoja. Chini ya bati, kambale walikuwa wameelea matumbo juu, meupe, midomo yao imegusa bati.

Mama wa Tunda alitazama maji yaliyojaa, akatazama bati. "Umewafungia pumuzi, Mama," alisema taratibu.

"Pumuzi gani? Samaki akose pumuzi mu maji? Nani alisikia neno kama ile?" Bibi alinigeukia mimi, mwanafunzi wake. "Mwalimu alisema nini?"

Nilisema kilichokuwa kimeandikwa ubaoni: samaki hupumua kwa matamvua. Nilikisema kwa sauti ya darasani.

Nikaona wazo likimwingia bibi. Siku chache kabla, Mama wa Tunda alikuwa ametwanga majani ya dawa ya kikohozi cha mwanawe. Bibi alimwuliza yalikuwa majani gani. Kisha akalitaja neno utupa, ule mmea ambao wavuvi huuponda na kuumwaga mtoni ili kuwalevya samaki.

"Utupa? Miye?" Mama wa Tunda aliweka mkono kifuani. "Niue chakula cha watoto wangu, Mama? Nipate faida gani?"

"Muulize yule aliyekutuma."

Katika miaka ile, mtu aliyetumwa alikuwa ametumwa na adui, na maneno hayo hayakuhitaji kuongezewa mengine. Uzio wetu ulikuwa wa matete, na kila mtu alisikia. Siku zilizofuata, wanawake kisimani walivuta ndoo zao pembeni alipokaribia. Kinu kilipigwa na mchi mmoja. Mdogo wangu alipona, ashukuriwe Mungu, kwa maji ya mchele; lakini hatukula tena pamoja na wale watoto wawili. Siku mto ulipofunguliwa, Mama wa Tunda alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupanda mtumbwi, na chungu chake na tenga lake, kurudi kule ambako vita vilikuwa havijaisha. Alimuaga bibi kwa heshima, kwa magoti. Bibi alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso.

Miaka ilipita kabla sijaelewa. Nilikuwa chuoni, katika chumba cha maabara chenye madirisha yaliyovunjika, mhadhiri alipopasua kichwa cha kambale mbele yetu. Nyuma ya matamvua, kila upande, palikuwa na kitu chekundu chenye matawi, mfano wa kijiti kidogo kilichochanua. Kwa kiungo hicho, alisema, kambale huvuta hewa ya juu. Katika mto mpana wenye maji yaendayo anaweza kuvumilia kwa matamvua yake. Lakini wakibanana wengi katika maji yaliyotuama, oksijeni ya maji huisha upesi, na akizuiwa kufika juu, samaki huyo hufa maji kama wewe na mimi. Wenzangu walicheka. Mimi nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Mbele ya macho yangu ilikuwa midomo ile iliyogusa bati.

Nilijiuliza kwa muda mrefu kama ni haki kumwambia mwanamke mzee jambo ambalo hawezi tena kulirekebisha. Niliamua kwamba ukweli wa mtu aliyesingiziwa si mali yangu hata niufiche kwa ajili ya amani ya nyumbani. Bibi alikuwa tayari anaumwa kifua, akilala ameegemea mito, mlango umeachwa wazi ili apate hewa. Nilimchorea kiungo kile kwenye kiganja changu kwa kalamu. Alikishika kiganja, akakitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe walikuwa wanaomba hewa," alisema.

"Ndiyo, Koko."

"Naye aliniambia." Alivuta pumzi, ikamgharimu. "Naye nilimufunika vile vile. Enda Tunda. Umutafute. Umwambie ndio miye niliyejaza maji."

Alifariki kabla sijaenda. Mwaka uleule wa mwisho alinikataza kulijaza lile pipa, ambalo sasa lilikinga maji ya mvua tu. Nami hadi leo, likifurika, hulipunguza. Kile kijito cha msituni hakipo: wamejenga hadi ukingoni, na maji yake yamekuwa mtaro wa mabati na mifuko. Siisikii tena michi miwili katika kinu kimoja; mashine ya kusaga hunguruma tangu alfajiri.

Yote hayo yalinipitia nikiwa nimechuchumaa mbele ya beseni la Kasuku. Nikamwambia muuzaji kwamba kuna mama mmoja wa kwao ninayemtafuta, aliyeishi Alunguli wakati wa vita akiwa na watoto wawili, mwenye sauti ya chini, fundi wa kukumba vijito.

"Jina lake nani?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na kijumba chake, chungu chake, kicheko chake kwenye tope, hata majani ya kikohozi. Nikasema, "Tulimwita Mama wa Tunda."

Aliniangalia kwa huruma, kisha akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Dada yangu, kule kwetu wamama wote ndio Mama wa Tunda."

Alinichagulia kambale mmoja, akamtia katika mfuko pamoja na maji kidogo. Akashika mdomo wa mfuko ili aufunge.

"Usifunge," nilimwambia.

"Ah," alisema, "kumbe unajua."

Niliubeba ukiwa wazi hadi kwenye mtumbwi, na katikati ya mto, wavushaji walipopumzisha makasia, nikamsikia akipanda juu.