Udongo wa Kwao

Mwezi uliopita niliomba nafasi kwenye lori la saruji lililokuwa likipanda Itumba. Tulipofika, kijana aliyekuwa akipakua mifuko akaniuliza swali ambalo nimelikwepa maisha yangu yote.

"Babu, kwenu hasa ni wapi?"

"Mimi napita tu, mjukuu wangu."

"Huku hakupitwi, babu," akasema akicheka. "Huku kunajiwa."

Nami nikatazama juu, nikaona lori limesimama mbele ya shule yangu ya zamani.

Ndugu msomaji, wewe uliyezaliwa mahali pamoja na ukazeekea hapo hapo, utashangaa swali dogo kama hilo linawezaje kumtia mtu baridi. Basi kaa nikusimulie.

Enzi za Mwingereza hii ilikuwa shule ya kati, na sisi tulilala bwenini. Asubuhi za kipupwe ukungu ulipanda kutoka bondeni ukatuingilia madirishani, na kengele, ambayo ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyotundikwa mtini, ilisikika kama inalia chini ya maji. Tulikunywa uji wa ulezi wa moto hadi ndimi zikababuka, kisha tukaenda kupalilia kahawa, ndipo tukaingia darasani tukinuka moshi na mboji. Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Kwa nini mto unapinda, nani aliupa jina, maji yake yanakwenda kulala wapi. Wenzangu walichoka nami. Mwalimu wa jiografia hakuchoka.

Mwalimu huyo alitoka pwani. Baridi yetu ilimtesa, akavaa koti hata jikoni. Siku moja alitangaza kwamba tutajenga nchi yetu nzima kwa udongo, milima na mito yake, chini ya banda la nyasi nyuma ya darasa. Baada ya mavuno Bwana Shauri, yule mkubwa wa Kizungu wa wilaya, angekuja kukagua. Kazi ikimpendeza, shule ingeongezewa darasa. "Mkirudi kutoka likizo," akasema, "kila mmoja alete udongo wa kwao, ajenge kilima chake mwenyewe."

Neno hilo "kwao" ndilo lililofanya yote. Kwa mtu wa pwani, kwenu ni mlangoni pako. Kwetu vilimani, ukimwuliza mtu mzima kwao ni wapi, hakuonyeshi nyumba. Anakuelekeza kwa kidevu mahali walipolala wazazi wake.

Tulikwenda makwetu tukaeleza tulivyoagizwa, na wazazi wetu wakatii. Walichukua majembe, wakaomba radhi, wakachota.

Kwangu mimi palikuwa na shida. Baba yangu alivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ningali mgongoni, na tangu hapo hakuleta neno. Baba mdogo alikuwa ameshaamua. "Kaka amekufa," alisema. "Mtu mzima hanyamazi hivi." Baada ya mavuno angeitisha matanga, mama angenyolewa nywele kama mjane, kisha arithiwe naye. Mama hakutaka. Alikuwa akilia akisonga ugali, akijifanya ni moshi.

Bibi, mama yake baba, akaingia ndani akatoa chungu kidogo kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Ndani mlikuwa na udongo alioukwangua uani siku ile baba alipoondoka, mahali mguu wake ulipokanyaga mara ya mwisho.

"Kaburi hana," akaniambia. "Peleka unyayo."

Kazi ya kujenga ilikuwa tamu. Mto Songwe tuliutia majivu. Barabara ya kutoka vilimani kupita Mpemba hadi Tunduma tuliitia mchanga mwekundu. Tulipofika mpakani mwalimu akachomeka vijiti, akasema, "Basi. Ng'ambo si yetu." Vilima vya wenzangu vikakauka vizuri kama vyungu. Changu kikabaki kibichi.

"Kilima chako kinakojoa kitandani!" rafiki yangu wa Mpemba alipiga kelele. "Kianike na mkeka wake!"

Tulicheka wote. Mwalimu akanyunyiza majivu ili kinyonye maji, na kesho yake kikawa kimelowa tena, wala mvua haikuwa imenyesha tangu majani ya mahindi yakauke. Kisha kuku wa mwalimu, waliozoea kulala chini ya banda lile, wakahama. Siku moja nilibandika kiganja juu ya kilima changu. Kilikuwa na joto, kama mkeka ambao mtu ameuacha sasa hivi. Sikumwambia mtu.

Bibi alikuja kunitembelea akiwa na ndizi za kuchoma kwenye kapu. Mwalimu, kwa fahari, akampeleka bandani. Bibi akavua kitambaa cha kichwani, akapiga magoti, akaanza kukisalimia kilima kimoja kimoja kwa jina la ukoo.

"Bibi, unasalimia udongo?" mwalimu akacheka.

"Nawasalimia wenyewe, mwalimu. Si ulituagiza udongo wa kwao?"

"Kwao nyumbani, bibi! Uani! Shambani!"

"Na nyumbani kwa mtu ni wapi, kama si walipolala wazee wake?"

Mwalimu alitazama mikono yake. Udongo ulikuwa bado umo kwenye kucha. Akatugeukia. "Nyote? Mmechota makaburini?"

Tukajibu kwa pamoja, kama alivyotufundisha: "Ndiyo, mwalimu!"

Hakubomoa kitu. Ila tangu siku ile, kila alipoingia bandani, alivua viatu na soksi zake, yeye aliyeogopa baridi kuliko sisi sote.

Bibi alifika kwenye kilima changu mwisho. Akakigusa, akafuta kiganja kifuani. "Huyu hajalala," akasema. "Anatembea."

Siku ya ukaguzi wazazi walialikwa, na baba mdogo akaja na bibi na wazee wa ukoo. Ukungu ulipoinuka tukaona. Kilima changu kilikuwa kimebonyea, kimekauka, kimepasuka. Na juu ya barabara nyekundu ulipita mstari wa unyevu, ukishuka vilimani, ukipita Mpemba, ukipita Tunduma, hadi kwenye vijiti. Hapo ukakatika, kwa kuwa nchi yetu ilikuwa imekwisha. Hapakuwa na alama ya mguu wala ya kidole.

Bwana Shauri alizunguka akitikisa kichwa kwa kuridhika. Akauliza ule mstari ni nini. Mwalimu akawahi kujibu. "Barabara kuu, bwana."

"Wazo zuri sana," akasema Bwana Shauri.

Alipoondoka, baba mdogo akanyoosha kidole, akamgeukia bibi. "Mmeona? Kaka amevuka, amekwenda moja kwa moja. Mama, kubali tumlilie."

"Unyevu hauna kisigino wala vidole," bibi akamjibu. "Nani kakwambia anakwenda? Kama anarudi je?"

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyetaka kumwekea matanga mtu aliyeacha alama asubuhi ile. Mama hakunyolewa, wala hakurithiwa. Nywele zake zilibaki kichwani hadi zikawa nyeupe, na alizikwa nazo.

Shule ilipata darasa lake. Mimi sikulikalia. Niliifuata ile barabara hadi penye vijiti na kupita. Bibi hakunizuia, alisema tu, "Anayemtafuta mtu aliye njiani hupishana naye." Nimechimba shaba, nimepika makambini, nimeuza samaki wakavu, nimelala kwenye vituo vya treni, na kila mahali nimeuliza. Sijamkuta, wala sijaonyeshwa kaburi.

Sasa banda halipo. Ringi ya gurudumu haipo, bwenini wameweka madawati mabovu, na waliojua kusalimia vilima kwa majina wamekuwa udongo wenyewe. Pale nyuma ya darasa ni uwanja wa netiboli. Mwalimu kijana, binti mchangamfu, alinitembeza.

"Hapo usikanyage, babu, pana tope. Tumemwaga kifusi, tumemwaga hata saruji. Panarudi."

"Bomba limepasuka?"

"Bomba halijafika huku."

Jua lilikuwa kali na uwanja wote ulikuwa vumbi. Niliangalia dirisha la darasa letu, nikapima kwa macho. Si ukingoni, vilipokuwa vijiti. Ni katikati, mkabala na dirisha, pale pale kiliposimama kilima changu. Nikainama nikabandika kiganja. Palikuwa na joto.

Miaka yote hiyo mimi nilikuwa ng'ambo, nikiuliza.

"Babu!" kijana wa lori akaita. "Tunaondoka! Au ndiyo umefika?"

Nilikuwa ninavua viatu.