Simu Nyeupe Yenye Madoa ya Hina

Swali la kwanza analoniuliza kila mtu anayeingia kwangu ni kama simu hizi zinapiga. Hazipigi. Mimi hushughulika na sura tu: ganda, mkonga, duara la kuzungushia namba na ule waya uliojikunja. Ya tumboni namwachia Mungu. Nimechoka kujibu swali hilo, na siku nyingine hulijibu kwa ukali ambao mama yangu kule Tononoka angeusikia angenikemea.

Kazi hii sikuitafuta. Kwa miaka mingi nilifanya saluni karibu na Mwembe Tayari, nikiosha na kutia rangi vichwa vya watu waliokuwa wakisubiri mabasi ya bara. Jamaa mmoja mwenye duka la vitu vya kale Ndia Kuu aliniletea simu nyeupe iliyogeuka manjano kama meno ya mvuta sigara, akaniuliza kwa utani kama dawa ya kung'arisha nywele ingeiweza. Iliiweza. Sasa nina chumba kidogo nyuma ya duka lake, na saluni sina hamu nayo. Simu haijitazami kwenye kioo ikanuna.

Zile nyeusi nzito naziosha kwa sabuni, nazipitishia msasa laini wenye maji, kisha nazisugua kwa kitambaa mpaka mkono unaniuma. Zile nyeupe nazipaka dawa ya nywele, nazifunga kwa nailoni na kuzianika juani, nikizigeuza kila mara zisitoke mabakamabaka. Mwenye duka alinifundisha sheria moja: usiondoe kila kitu. Watalii wanapenda makovu, akasema. Wanapenda mkwaruzo, herufi zilizochongwa kwa msumari, alama ya lile kufuli dogo lililofungwa kwenye duara ili watoto wasipige simu baba akiwa kazini. Bila kovu, mtalii atadhani imetengenezwa jana. Niliishika sheria hiyo kama dini.

Mwaka jana alikuja mzee wa kanzu na kofia ya kushonwa kwa mkono, amebeba kikapu. Alinisalimu kwa kirefu, akaniuliza hali yangu, ya nyumbani na ya wazee wangu, na mimi nikajibu yote kwa sababu ukimkatiza mzee wa Mji wa Kale umemtukana. Ndipo akatoa simu nyeupe iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Mkewe alikuwa amefariki mwezi uliokuwa ukiisha. Hitima ya arubaini ilikuwa imebakisha siku tisa.

"Nataka iwe safi kabla ya watu kuya," akasema.

Nikaigeuza. Kwenye mgongo wa mkonga palikuwa na madoa manne ya rangi ya chungwa kavu, na moja upande wa pili, pale dole gumba linapokaa. Mzee akaniambia mkewe alikuwa akiwapaka maharusi hina. "Simu ikilia, yeye mikono imo hinani," akasema, kisha akanyamaza.

Hapo nilipaswa kuuliza. Sikuuliza. Kimya chake nilikijaza mwenyewe kwa akili zangu nyingi. Nilijiambia mzee huyu ameniletea alama za vidole vya marehemu, na mjinga gani atazifuta? Niliona pia kuwa plastiki iliyozunguka madoa ilikuwa imefifia na kujaa mikwaruzo myembamba. Nikasema moyoni ni watoto waliikwaruza.

Kwenye saluni, kabla ya kumtia mtu rangi, unampaka mafuta ya mgando kwenye paji la uso ili dawa isimguse. Nikafanya vivyo hivyo: kila doa nikalifunika kwa mafuta, moja moja, kwa ncha ya kijiti. Kisha nikapaka dawa, nikafunga nailoni, nikapanda darini, juu ya nyumba palipo wazi juani. Siku tano nilishinda huko na fimbo mkononi, maana kunguru wa Mombasa hawana haya, wakiona nailoni inang'aa wanashuka kuidonoa. Simu ikatoka nyeupe kama nazi iliyokunwa. Yale madoa matano yakang'aa juu yake kuliko yalivyowahi kung'aa. Nilijipongeza, nisiseme uongo.

Mzee alirudi siku ya sita. Nikamwekea simu mezani, nikasimama pembeni nikingoja anishukuru. Aliinama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hayakutoka?" akauliza.

"Nimeyahifadhi, baba. Si vidole vyake?"

Akaketi bila kukaribishwa. Nikaona macho yake, mato kama wanavyoyaita wao, yamejaa maji, na nikajua nimeharibu.

Alinieleza taratibu, bila hasira, na hilo liliniuma zaidi. Mkewe alikuwa mtu wa usafi, na madoa yale yalimkera maisha yake yote. Kila Alhamisi aliyasugua kwa ndimu na jivu. Ile mikwaruzo niliyowasingizia watoto ilikuwa yake. Wageni wakibisha hodi, alikimbilia simu kwanza, akaifunika kwa kitambaa, ndipo akafungua mlango. Mara ngapi alimwomba mumewe aipeleke kwa fundi! "Kesho," mzee akamwambia. "Na nani aiona?" Simu zenyewe zikakatwa, watu wakanunua za mkononi, na ile nyeupe ikabaki pale pale sebuleni chini ya kitambaa chake.

"Alipokuwa mgonjwa alinambia, watu watakuya, ile simu je? N'kamuahidi. Hata wiki haikwisha, akafariki." Akashusha pumzi. "Siku ya msiba watu walijaa. Mtu, siyui nani, alikitukua kitambaa akafunikia sinia. Simu ikabaki wazi. Wote waliiona, mwanangu."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilimwomba radhi, na nilikuwa na aibu kweli. Nikamwambia aniachie siku mbili.

Nikayafuta mabaki ya mafuta kwa maji ya moto, nikayapitishia madoa msasa laini kabisa, nikapaka dawa nzito kuliko niliyowahi kumpaka binadamu. Siku ya kwanza mawingu yalitanda mpaka alasiri, nikayatukana. Siku ya pili jua lilitoka tangu asubuhi na madoa yakaanza kuondoka, la dole gumba la mwisho. Ilipobaki siku moja kabla ya hitima, simu ilikuwa safi pande zote.

Mzee alikuja mapema asubuhi hiyo. Nilikuwa nikiipangusa mara ya mwisho, nikakifungua kile kifuniko cha mdomo wa mkonga, kinachozungushwa kama cha chupa. Zamani kila nyumba ilikifungua: sauti ikififia, unakitoa, unakipigapiga kwenye kiganja, unakirudisha. Ndani yake kulikuwa na doa moja la hina, dogo, na mistari ya kidole ikisomeka yote.

Ningeweza kukifunga kimya kimya. Lakini nilikwisha kuamua kwa niaba yake mara moja. Nikampa kifuniko.

"Hili hakuna atakayeliona, baba," nikasema. "Ukitaka, libaki."

Alilitazama. Akaweka dole gumba lake juu yake, likalifunika lote.

"Nani ataona," akasema. "Ndivyo n'livyokuwa nikimwambia."

Akaniomba brashi. Nilitaka kumfanyia, akakataa. Akapaka dawa mwenyewe, nikamsaidia kufunga nailoni tu. Kisha akapanda ngazi zote hadi darini, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akashika fimbo yangu. Nilimletea kahawa ikapoa. Kutoka chini nilikuwa nikimsikia akiwafokea kunguru. Hakushuka ila kuswali adhuhuri, akarudi.

Alasiri ilipokaribia aliniita. Tukafungua nailoni, nikakisuuza kifuniko, nikampa. Kilikuwa cheupe tupu. Akakigeuza kwenye mwanga mara mbili, akakizungusha mahali pake kwa mkono wake, akakikaza.

Akaichukua simu akatoka. Kitambaa cha kufuma kilikuwa kimebaki mezani kwangu, nikamkimbilia nacho mlangoni.

"Umesahau, baba."

"Hakina kazi tena," akasema.

Akashika njia ya kwake katikati ya Ndia Kuu, simu ameikumbatia kifuani, wazi, kila mtu aione.