Ulimi wa Bibi na Chupa za Jirani

Juzi Jumamosi nilialikwa kuonja mvinyo wa Poland, nikarudi nyumbani na wivu wa miaka zaidi ya ishirini. Usinicheke, ndugu yangu. Wapo wanaoona wivu kwa magari na majumba. Mimi naona wivu kwa ulimi wa mtu.

Ulikuwa ukumbi wa kifahari karibu na mto, chupa zimepangwa juu ya vitambaa vyeupe, na wataalamu Waingereza wameingiza pua ndani ya glasi. Aliyeendesha shughuli ni binti wa jirani yetu wa zamani kule mtaani Woolwich, London. Siku hizi kazi yake ni kuzunguka mashamba ya mizabibu ya Poland, kutafuta chupa zilizo bora na kuzileta London. Akiisifu chupa, wenye migahawa wanaigombania. Basi akasukutua mvinyo mweupe mdomoni, akautema kindooni, akafumba macho, kisha akasema chinichini, kwa Kiswahili, "Ipo." Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi. Moyo uliniuma, maana neno lile lilikuwa la bibi yangu.

Nilikuwa na miaka minane Bibi alipokuja kutoka Kilimanjaro kunilea, kwa kuwa mama alikuwa muuguzi na zamu zake hazikuwa na mpango. Huko kwao Bibi alikuwa mpishi wa mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, na hapakuwa na harusi ambayo wageni walimiminiwa kabla yeye hajaonja. Woolwich alikuwa na makoti mawili na huzuni tele. Wiki ya tatu akaenda sokoni, akanunua ndizi zilizoiva mpaka zikawa nyeusi, akazichemsha kutwa nzima katika sufuria kubwa la mama, akaweka ndoo kando ya hita. Ndoo ikaanza kutoa povu. Harufu ikavuka ukuta. Siku ya nne jirani akagonga mlango, na mama akaanza kuomba radhi hata kabla ya kuufungua vizuri. Kumbe mwenzetu hakuja kulalamika. Alikuja kunusa, na mkononi ameshika chupa isiyo na lebo.

Alikuwa fundi wa plasta, Mpolandi mwenye vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi, akiishi na binti yake wa umri wangu. Ndugu zake walikuwa wamepanda mizabibu kwenye kilima huko kwao, watu wakawacheka: nchi ya theluji na mvinyo wapi na wapi? Chupa zilimfikia kwa kibasi kilicholeta vifurushi, zimefungwa magazeti katikati ya soseji na matango ya siki. Shida yake, hakuwa na wa kumwambia ukweli. Wenzake wa kazini walikunywa chochote na kusifu chochote. Bibi hakujua Kipolandi, na Kiingereza chake kiliishia kwenye "sorry", lakini hukumu zake zilikuwa tatu tu na jirani alizishika upesi: Haifai. Bado. Ipo. Mwaka mzima nadhani alisikia "Ipo" mara mbili.

Hebu nikupeleke jikoni kwa jirani. Kwenye kona kuna mtungi wa kioo wa mvinyo wa cheri, unalia bwi, bwi, bwi. Mkate mweusi unakatwa vipande vyembamba. Bibi ananusa kwanza, anaonja, anakula mkate, anaonja tena. Kisha anakataza glasi zisioshwe. Kesho yake asubuhi, kabla ya shule, tunarudi kunusa glasi tupu, kwa sababu kwake yeye hukumu ya kweli ilikuwa pale. "Mgeni mwema akiondoka," alisema, "nyumba hubaki na harufu yake." Sisi watoto ruhusa yetu ilikuwa kunusa na kulamba ncha ya kidole, basi.

"Unasikia nini?" alituuliza kila mara. Mimi nilijibu, "It's nice, Bibi." Nilielewa kila neno lake, lakini shuleni niliwahi kuchekwa kwa kusema Kiswahili, na tangu hapo ulimi wangu uligoma. Binti wa jirani, yeye aliokota maneno ya Bibi kama kuku anavyookota mtama. Chachu. Chungu. Kali. Siku moja alilamba kidole, akakunja uso, akasema, "Ina ukakasi, Bibi. Kama ndizi mbichi." Bibi alicheka mpaka akapiga paja, akamwita "mjukuu wangu." Mjukuu! Mimi nimekaa palepale, damu yake mwenyewe, nimeshika kipande cha mkate. Mama alizoea kusema kwamba wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Nilikonda, ndugu yangu.

Ikafika wiki ya yule binti kupokea komunyo ya kwanza. Ziliwekwa glasi tatu kutoka chupa tatu, na Bibi akatangaza kuwa safari hii mtoto mwenyewe ndiye atakayechagua mvinyo wa sherehe yake. Wakubwa walipokuwa wakivua makoti mlangoni, nilizinusa zote tatu, nikachagua moja, nikatia vijiko viwili vya sukari na kukoroga kwa kidole. Nilitaka akosee mbele ya Bibi. Hakukosea. Alilamba mara moja tu, akasema, "Bibi, hii imetiwa sukari."

Bibi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, akaishika ile chupa, akajimiminia kidogo, akaonja. "Ipo," akasema polepole. "Katika tatu, umeharibu iliyo bora. Umeijuaje?"

Niliijua. Maneno yalikuwa yamejaa kinywani: ilinukia ganda la tufaha, na uchachu wake ulikuwa mdogo, na mwisho wake ulikuwa mrefu. Bibi alisubiri. "I don't know," nikasema. Akaiweka chupa mezani. Hakuniuliza tena, siku ile wala nyingine, na masika ya mwaka ule hayakuisha kabla hajarudi kwao. Alifariki nikiwa sekondari.

Leo jiko lile halipo, nyumba zote mbili zimebomolewa, na jirani amerudi kwenye kilima cha ndugu zake. Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno mtaa wa Lewisham. Kutwa nachungulia vinywa vya watu. Kiswahili hiki unachokisoma nilikisomea ukubwani, jioni, katika ukumbi wa kanisa, kwa sababu sikuweza kuvumilia kwamba Mpolandi anacho nami sinacho. Ni kisafi, kina sarufi. Hakifanani na cha Bibi hata kidogo.

Jumapili asubuhi binti wa jirani alinipigia simu. "Njoo. Glasi za jana sijaziosha." Nikaenda kwake. Alikuwa amezipanga jikoni, tupu, akanipa ya kwanza. "Unasikia nini?" akauliza, na nywele zikanisimama: alivuta mwisho wa neno kama wanavyovuta watu wa mlimani, kwa sauti ya chini ya mtu asiye na haraka. Ilikuwa sauti ya Bibi. Mimi sina hata kanda yake moja, na mwanamke huyu amekaa nayo kinywani miaka yote.

Safari hii nilijibu, kwa Kiswahili. Nikataja ganda la tufaha, nikataja asali, nikataja ukakasi. Akaichukua glasi, akanusa, akatikisa kichwa.

"Bado," akasema.

Nilimwonea wivu mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikamwomba aniulize tena.